Kiinimacho na Inkishafi: Dari za Makanisa na Mahali pa Kusimama, kwa Kurejelea Migori na Homa Bay

Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya sanaa ya makanisa nchini Kenya hushauriwa kwenda Murang'a, akaitazame michoro mitano ya ukutani ya Elimo Njau iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1950, ama Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu la Waitalia. Ni nadra kushauriwa kwenda Migori au Homa Bay. Huko, huambiwa, kuna matofali, kenchi na mabati. Kauli hiyo haitolewi kwa nia mbaya, lakini imebeba dhana ambayo makala haya yanakusudia kuihoji: kwamba kanisa lisilochorwa dari ni kanisa lililopungukiwa, na kwamba historia ya sanaa mahali kama hapo ni historia ya kile kilichokosekana.

Ili kuihoji dhana hiyo yatubidi tuanze mbali, kwenye dari zenyewe ambazo ndizo kipimo cha upungufu huo. Tunazungumzia dari zilizochorwa kwa namna ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba paa limefunguka, kwamba nguzo zinaendelea kupanda pale ambapo kwa kweli zimekoma, na kwamba mawingu na malaika wako juu yake hasa. Tutaziita dari za kiinimacho. Neno hili tumelichagua kwa makusudi. Katika Kiswahili mfanya kiinimacho hushangiliwa uwanjani, na papo hapo mtu hushika mfuko wake. Hakuna anayemwita mwongo, wala hakuna anayemwamini. Wahakiki wetu waliotafuta jina la mtindo wa riwaya unaochanganya ya kawaida na ya ajabu waliuita uhalisia mazingaombwe, na hivyo wakaleta ndani ya taaluma shaka ile ile yenye tabasamu. Dai letu ni kwamba dari ya kiinimacho, kabla ya kuwa suala la rangi, ni suala la mahali pa kusimama. Na suala la mahali pa kusimama ndilo ambalo sisi wa fasihi hulijadili kila siku kwa jina la mtazamo wa msimulizi.

Duara la marumaru

Andrea Pozzo alizaliwa Trento mwaka 1642 na kujiunga na Wajesuiti mwaka 1665, akiwa bradha, si padre. Kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma lilikuwa limeanza kujengwa mwaka 1626, miaka minne baada ya Ignatius wa Loyola kutangazwa mtakatifu. Ramani yake ilidai kuba kubwa pale mikono ya msalaba wa jengo inapokutana. Kuba hilo halikujengwa. Mwaka 1685 Pozzo aliliziba tundu lile kwa turubai bapa lenye upana wa mita 17 hivi, na juu ya turubai akachora kuba: duru ya nguzo, madirisha yapitishayo mwanga, na ule weusi wa ndani ambao mtu huuona atazamapo juu ndani ya kuba la kweli. Baadaye alipewa kazi ya dari yote ya ukumbi mkuu, kazi iliyokamilika mwaka 1694. Humo kuta za kanisa zinaonekana kupanda ghorofa nyingine nzima ya nguzo na matao, kisha zinafunguka kwenye anga ambamo Ignatius anapokelewa mbinguni.

Namna kazi hiyo ilivyofanywa inastahili kuelezwa, kwa sababu hoja yetu imo ndani yake. Dari ya ukumbi ule imejipinda kama mtumbwi uliopinduliwa, na mstari mnyoofu ukichorwa juu yake huonekana umepinda. Pozzo anaeleza katika kitabu chake juu ya elimu ya kuchora umbali, kilichotoka Roma katika majuzuu mawili mwaka 1693 na 1700, kwamba alitandaza chini ya dari wavu wa nyuzi wenye miraba iliyo sawasawa. Kutoka nukta moja iliyo kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama sakafuni, miraba ile ilihamishiwa juu ya dari, ama kwa uzi ulionyooshwa kupitia kila fundo la wavu, ama kwa taa iliyotupa kivuli cha wavu usiku. Pale kivuli kilipopinda, mchoraji alipinda nacho. Matokeo yake ni kwamba kila kitu juu ya dari ile kimepotoshwa kwa hesabu, ili jicho moja, likiwa mahali pamoja, lione kimenyooka. Mahali hapo pametiwa alama kwa duara la marumaru sakafuni. Mtu akisimama juu ya duara, nguzo zinapanda wima. Akipiga hatua chache pembeni, nguzo zinaanza kulala. Akifika karibu na altare na kugeuka, kuba lile la turubai limekuwa bamba lililopinda, na nguzo zimeanguka upande kama migomba baada ya dhoruba.

Walikuwapo waliomlaumu kwa hilo. Walitaka kujua kwa nini asiweke nukta nyingi, ili watu wengi zaidi waone vizuri kwa wakati mmoja. Jibu lake, katika kitabu hicho hicho, ni la mtu asiyeyumba: kazi moja ina nukta moja, na kama ukiiacha nukta hiyo mchoro ukaharibika, basi huo ni ushahidi wa ubora wake. Tukilitazama jibu hili kwa jicho la mhakiki wa riwaya tunamtambua mara moja msimulizi maizi wa kale, ajuaye yote, ambaye humpangia msomaji kiti chake, humfunga hapo, na kumwahidi kwamba ulimwengu mzima utaonekana umenyooka mradi asisogee. Yafaa tukumbuke pia kwamba namna hii ya kuchora haikuanza kwa Pozzo. Correggio alikwisha kuchora kuba la kanisa kuu la Parma, kazi iliyomalizika mwaka 1530, lenye mzunguko wa watu wanaopaa wakionekana kwa chini, miguu ikitangulia. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wakuu wa kanisa lile alipotazama juu alisema ameona mchuzi wa vyura. Huenda naye alikuwa amesimama mahali pasipo pake.

Mwanamke juu ya mamba

Mwaka 1694 Pozzo alimwandikia mwana mfalme wa Liechtenstein barua ya kufafanua maana ya dari yake. Nuru inatoka kwa Mungu Baba, inapita kwa Mwana, inaupiga moyo wa Ignatius, na kutoka hapo inagawanyika miali minne kuelekea pembe nne za dunia. Msingi wa wazo ni aya ya 49 ya sura ya 12 ya Injili ya Luka, juu ya moto uliotupwa duniani. Kwenye pembe za dari wameketi wanawake wanne: Ulaya, Asia, Amerika na Afrika. Afrika ni mwanamke mweusi aliyeketi juu ya mamba, mwenye pembe ya ndovu. Chini ya kila bara majitu yanaporomoka. Hayo ni upagani na uzushi ulioshindwa.

Tunapenda kumkalia kidogo mwanamke huyu, kwa kuwa yeye ndiye mwenzetu pekee katika dari ile. Amechorwa kwa ustadi na bila dhihaka. Lakini tuulize swali la kihistoria: mwaka 1694, ushindi huo uliokuwa ukisherehekewa juu ya kichwa chake ulikuwa wapi? Mjesuiti Gonçalo da Silveira aliuawa katika dola ya Mutapa mwaka 1561. Huko Ethiopia Wajesuiti walifaulu kumvuta Mfalme Susenyos katika Ukatoliki. Nchi ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, mfalme akang'atuka mwaka 1632, na mwanawe Fasilidas akawafukuza wamisionari hao. Mombasa, mwaka 1631, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na mapadre wa Kiagostino na kubatizwa Dom Jerónimo, aliurudia Uislamu, akamuua kapteni wa Ngome ya Yesu na kuitwaa ngome. Wareno walirejea, lakini mwezi Machi 1696, rangi ya Sant'Ignazio ikiwa na umri wa miaka miwili, jeshi la Oman liliizingira ngome ile. Ilianguka Desemba 1698. Kwa mtu aliyesimama juu ya duara la marumaru mjini Roma, bara letu lilikuwa limeipokea nuru. Kwa mtu aliyesimama Mombasa, Gondar au Zambezi, dari ile ilikuwa imelala upande.

Wala si haki kusema kwamba Pozzo alidanganya. Alichora kutoka nukta yake, kama alivyotangaza mwenyewe. Tatizo linaanza pale sisi wengine tunapoichukua dari ile kuwa picha ya dunia na kulisahau duara lililo sakafuni. Kosa hilo hilo hufanyika katika uhakiki, pale tunapousoma mtazamo wa msimulizi kana kwamba ni hewa tu, haina mwenyewe.

Dari zilizosafiri

Kitabu cha Pozzo kilisafiri mbali kuliko yeye, ingawa naye alihamia Vienna mwaka 1702, akalichorea kanisa la Wajesuiti la huko kuba jingine la uongo, na kufia huko mwaka 1709. Mwaka 1729 Nian Xiyao, mtumishi mkubwa wa serikali ya Uchina, alitoa kitabu cha elimu ya kuchora kilichotegemea sehemu nyingi za kazi ya Pozzo. Mabara ya Amerika nayo yalipata dari zao, na hapa kuna moja ambayo wanafunzi wetu wangefaidika kuijua kuliko hata ile ya Roma.

Katika mji wa Ouro Preto, Brazili, uliotajirika kwa dhahabu iliyochimbwa na Waafrika waliotiwa utumwani, kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Dari yake ya mbao ilichorwa na Manuel da Costa Ataíde katika miaka ya 1801 hadi 1812. Nguzo za uongo zipo, anga lililofunguka lipo, malaika wenye ala za muziki wapo. Lakini Bikira Maria aliye katikati, na malaika wanaomzunguka, wana sura na rangi ya machotara wa nchi ile. Ataíde hakuivunja kanuni ya Pozzo. Aliiacha nukta ya kusimamia pale pale sakafuni, akabadilisha aliyeko juu. Mtu aliyekuwa ameketishwa pembeni juu ya mamba sasa ameingia katikati ya nuru. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, waliochimba dhahabu waliendelea kuwa watumwa chini ya dari ile kwa miaka mingine 70 na zaidi, hadi utumwa ulipofutwa Brazili mwaka 1888.

Ethiopia ilifanya jambo tofauti kabisa. Gondar, mji ulioanzishwa na Fasilidas yule yule aliyewafukuza Wajesuiti, una kanisa la Debre Birhan Selassie. Lilianzishwa na Iyasu wa Kwanza katika miaka ya 1690, miaka ile ile ya dari ya Roma, ingawa jengo na michoro vionekanavyo leo ni vya baadaye. Liliponea uvamizi wa Wamahdi wa Sudani mwaka 1888, ulioteketeza makanisa mengi ya mji. Dari yake ni bapa, na haijifanyi kuwa kitu kingine. Katikati ya boriti zake zimepangwa nyuso za malaika, safu kwa safu, kila uso na mabawa yake na macho makubwa yaliyo wazi. Hakuna mwanya wa anga, hakuna nguzo zinazopanda, na hakuna duara sakafuni. Popote muumini aliposimama, pembeni au mlangoni, macho yale yanamfikia. Kule Roma yeye hutazama kutoka mahali pamoja. Hapa anatazamwa kila mahali. Kama Pozzo ni msimulizi maizi, mchoraji wa Gondar, ambaye jina lake halikuandikwa juu ya dari, yu karibu zaidi na fanani wetu wa jukwaani anayemtupia macho kila aliyeketi mbele yake.

Kenchi za Nyanza Kusini

Sasa tunaweza kurudi ufuoni mwa ziwa. Wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, ilipokea misheni zake mapema katika karne ya 20. Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, na haukupita muda mrefu wakaanzisha hapo kiwanda cha kupiga chapa. Wamisionari wa Mill Hill nao walifungua misheni ya Asumbi. Hakuna kati yao aliyekuja na dari ya kiinimacho. Sababu ya kwanza ni ya wazi: kanisa la udongo na nyasi, na baadaye la matofali na mabati, halina dari ya kupakwa lipu, na fedha za dari hazikuwapo.

Sababu ya pili haitajwi sana. Shirika la Mill Hill liliundwa London mwaka 1866, wakati ambapo Wakatoliki wa Uingereza walikuwa wamenolewa na maandiko ya msanifu Augustus Pugin. Katika kitabu chake cha mwaka 1841 juu ya kanuni za kweli za ujenzi, Pugin alifundisha kwamba jengo halipaswi kuficha jinsi lilivyojengwa, na kwamba pambo linalodanganya ni aibu kwa nyumba ya Mungu. Kwa mtu wa mawazo hayo kenchi iliyo wazi, inayoonyesha jinsi inavyolibeba paa, ni fundisho la imani. Waadventista, kwa upande wao, waliepuka sanamu kwa sababu za Maandiko. Kwa hiyo paa tupu la kanisa la misheni lilitokana na ukata, na pia lilikuwa na nasaba katika ugomvi wa muda mrefu wa Wazungu wenyewe juu ya kiinimacho. Anayesema kwamba huko hakuna kitu cha kutazama ameshachagua upande katika ugomvi huo pasipo kujua.

Kuna jambo la tatu, na hili ni la wenyeji. Mtu aliyewahi kulala chali ndani ya nyumba ya msonge ya Kiluo anajua dari inayokusanya mistari yote kwenye nukta moja. Makombamoyo yanaanzia pande zote za ukuta, yanapanda, yanakaribiana, na kukutana kileleni, mahali ambapo kwa nje husimama osuri, kijiti cha kilele ambacho kwa desturi hutangaza kwamba mwenye nyumba yu hai. Kijiometria hiyo ndiyo picha ambayo Pozzo aliitafuta kwa nyuzi na taa. Lakini makombamoyo ya msonge yanakutana kweli. Aliyelala karibu na mlango na aliyelala kwenye ukuta wa nyuma wote wanayaona yakikutana, kila mmoja kwa mwinamo wake, na hakuna aliyelazimika kuhamia katikati. Watu waliokulia chini ya paa la namna hiyo hawakuwa wageni wa wazo la nukta ya juu inayokusanya yote. Kilichokuwa kigeni ni sharti la kusimama mahali pamoja ili uione.

Isitoshe, ukanda huu una michoro ya kale iliyoko chini ya miamba. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, mapango ya Mawanga na Kwitone yana duara ndani ya duara na mizunguko ya konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wenyeji Abasuba huihusisha na Watwa walioishi hapo kabla yao, na mahali penyewe pamehusishwa na ibada za mvua. Michoro hiyo haiigi mbingu. Tukizingatia ibada zilizofanyika chini yake, tunaweza kusema kwamba inazungumza na mbingu, na kinachomwongoza mtu asimame wapi na lini ni ibada, wala si hesabu ya mwanga. Hata Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji huko Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ina milango mifupi inayomlazimisha aingiaye kuinama. Usanifu unaoamuru mwili ukae vipi haukusubiri misheni.

Got Kwer

Mahali ambapo suala letu linajitokeza kwa ukali zaidi, hata hivyo, ni mlimani. Katika miaka ya 1962 na 1963 maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza walitoka katika Kanisa lao na kuwafuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Kanisa jipya lilichukua jina lake kutoka chama cha walei cha Legio ya Maria, likasajiliwa mwaka 1966, na likahifadhi Kilatini katika misa hata baada ya Roma yenyewe kuanza kukiacha. Waumini wake wanamwamini Ondeto kuwa Kristo aliyerudi akiwa mweusi. Alifariki mwaka 1991 na kuzikwa Got Kwer, kaunti ya Migori, mlima ambao kwao ndio Kalivari, na ambao mahujaji huupanda hadi leo wakiwa katika mavazi ya rangi walizopewa ndotoni.

Wachunguzi wa dini wameandika mengi juu ya Legio Maria. Sisi tunataka kuongeza neno moja la upande wa sanaa. Ataíde alimpaka rangi yake aliye katikati ya dari, akaiacha dari mahali pake. Legio Maria walifanya hilo, kisha wakaenda mbele zaidi: waliiondoa mbingu darini wakaiweka ardhini, juu ya mlima wenye jina la Kiluo, ambao mtu huufikia kwa miguu. Hapo hakuna duara la marumaru. Anayepanda kutoka upande mmoja na anayepanda kutoka upande mwingine wanaona sura mbili tofauti za mlima, na zote mbili ni za kweli. Ukilinganisha na kanisa la Sant'Ignazio, ambamo kutembea ndiko kunakobomoa picha, hapa kutembea ndiko kunakoijenga. Kwa maoni yetu, tendo hilo linastahili kuingia katika historia ya dari za kiinimacho kama jibu lililotolewa kwazo, hata kama aliyelitoa hakuwahi kuziona. Picha za mbinguni zilizochapwa Ulaya, katekisimu, na nyimbo zilikuwa zimemletea mwamini wa Nyanza ile nukta ya Pozzo bila dari yake. Alijua alikotakiwa kusimama, na alijua nani aliyekuwa katikati ya nuru.

Inkishafi

Tumebakiza deni kwa wasomaji wa jarida hili, ambao wanaweza kuuliza fasihi ya Kiswahili inaingia wapi. Inaingia kwenye hatua zile chache za kutoka juu ya duara. Wataalamu wa sanaa ya Ulaya wana istilahi nyingi za namna kiinimacho kinavyojengwa. Kwa tendo la kubomoka kwake mbele ya macho ya mtu anayetembea, sisi tunalo neno moja lililo tayari: inkishafi, yaani kufunuliwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliutembeza moyo wake katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, vyombo vya kaure na fahari ya kila namna. Kisha akaufanya utazame juu. Pale ambapo mchoraji wa Roma angeweka malaika, yeye aliona makinda ya popo. Utendi ule unamhamisha msomaji kutoka mahali pa kushangaa mpaka mahali pa kuona, na mwendo huo ndio sanaa yake. Hauna mahali pamoja pa kusimama, kwa kuwa pa kwanza umepaandaa ili upavunje.

Shaaban Robert naye, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alijenga nchi nzima inayoelea angani, dari ya kiinimacho kwa nathari, na akaipa jina linalomwonya msomaji tangu jaladani. Nchi hiyo inasadikika kwa watawala wake mradi mtu asitoke ndani yake. Wajumbe wanaotumwa pande sita, wakiwamo wa juu na wa chini, wanarudi na habari na kutiwa gerezani. Kosa lao, kwa istilahi ya makala haya, ni kuondoka juu ya duara. Kezilahabi, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyofuata, hakumpa msomaji duara lolote la kuanzia, na malalamiko ya wanafunzi wetu kwamba vitabu hivyo havishikiki ni malalamiko ya watu wanaotafuta marumaru sakafuni.

Siku hizi kiinimacho kimefika Migori na Homa Bay kwa njia nyingine. Kama ilivyo kwingineko nchini, dari za jipsamu na za plastiki zinazong'aa zimeenea majumbani, hotelini na makanisani, baadhi zikiwa na picha ya anga la buluu na mawingu. Hatuna ugomvi na anayetaka kivuli na utulivu, kwani mvua juu ya mabati huwanyamazisha wahubiri wengi. Ombi letu ni kwa wanafunzi wa uzamili: dari hizo zinapofungwa chini ya mapaa ya misheni za zamani zinafunika kenchi ambazo ndizo nyaraka za ugomvi tulioueleza. Alama za shoka na msumeno zilizo juu yake zinaonyesha mbao zilipasuliwa vipi, na maungio yake yanaonyesha fundi alijifunza wapi. Kupima na kupiga picha paa moja ni kazi ya siku mbili, kwa ngazi, utepe na ruhusa ya paroko au mzee wa kanisa, na ifanyike kabla ya fundi wa jipsamu kufika. Baada ya hapo watakaoziona kenchi zile ni popo peke yao.